Ruhusa Tusiyoiomba

Mlingotini, Bagamoyo
12 Februari 2024

Mwanangu Shuaibu,

Assalamu alaykum. Natumai baridi ya Uswidi haijakugandisha masikio, maana nayajua masikio yako, umeyarithi kwa marehemu babu yako na hayana nyama. Sisi wazima, alhamdulillah. Baba yako Husseni goti linamsumbua bado, ila mdomo wake haujapata ugonjwa wowote. Jana kagombana na wauza samaki mpaka wakampunguzia bei ili aondoke. Adila wangu kajifungua mtoto wa kike, tumempa jina la Maulida. Mihogo ya Fukayosi nguruwe wameimaliza.

Sasa tuingie ndani. Najua ungependa nikutumie sauti kwenye simu kama watu wote. Sitaki. Simu hiyo umepewa na kazi yako, na jambo lenyewe linaihusu kazi yako. Hili utalisoma kwenye karatasi, umekaa.

Vasant, fundi wetu wa redio na vinanda pale Bagamoyo mjini, kaletewa barua na wakili kutoka Dar. Barua inasema visanduku anavyovitengenezea vikundi vya taarabu vinagusa uvumbuzi wa kampuni iitwayo Halvenka, kwamba kampuni imeomba hataza, yaani haki ya kuumiliki uvumbuzi huo peke yake, na kwamba Vasant aache mara moja kuvitengeneza na kuviuza. Nilimwambia anisomee lile jina tena. Halvenka. Si ndio wanaokulipa mshahara?

Labda Ulaya imekusahaulisha, nikukumbushe. Ashatu wetu akiimba, watu wakianza kuinuka kumtunza, anapandwa na mori na sauti yake inapanda pamoja naye. Kinanda hakina mori, kinabaki palepale, na wasikilizaji wanadhani mwimbaji na mpiga kinanda wamenuniana. Miaka mingi mimi mpiga kinanda nilimfuata kwa mkono wa kushoto, kwa kile kigurudumu cha pembeni kinachopandisha sauti. Mkono ulipoanza kuuma, mimi na Vasant tukatengeneza kisanduku chenye kisikilizio kidogo kinachomsikia Ashatu na kukivuta kinanda kimfuate. Tukakiita mpambe, kwa sababu hakimwachi bibi harusi wake. Mwanzoni kilikuwa kinarukaruka kwa kila kionjo alichotia, hadi nilipomwambia Vasant: kisubiri kwanza avute pumzi, ndipo kisogee.

Sasa sikiliza walichoandika hao mabwana: kifaa kinachosubiri mwimbaji avute pumzi ndipo kirekebishe sauti ya ala. Pumzi, Shuaibu. Wameipata wapi pumzi ya Ashatu?

Nijibu haraka.

Shangazi yako,
Mwajabu

*

Gothenburg
8 Machi 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mno kusikia habari za Maulida, mbusu kwa niaba yangu. Mwambie baba apake mafuta ya moto na aache kwenda ufukoni asubuhi na mapema. Mimi mzima. Theluji imeanza kuyeyuka na barabara zimejaa tope, nazikumbuka zile za Fukayosi wakati wa masika. Barua hii itakufikia ndani ya Ramadhani, kwa hiyo nakutakia mfungo mwema.

Kuhusu Vasant, naomba nieleze jinsi kampuni inavyofanya kazi, usije ukadhani kuna mtu anamchukia. Nilipoajiriwa nilidhani tunautafiti muziki ili tutengeneze ala. Ghorofa yetu imejaa vinanda, ngoma na maikrofoni, na wapo wenzangu waliosomea muziki kabisa. Lakini Halvenka haitengenezi vinanda, wala haina mpango huo. Inatengeneza simu na spika. Utafiti wetu unafanywa ili tuwahi kuandikisha. Ukishapata hataza, serikali inakulinda: mwingine yeyote akitaka kutumia jambo hilo lazima aje kwako.

Ipo kampuni kubwa ya mashariki, hiyo ambayo vinanda vyake ndivyo mnavyovinunua Kariakoo. Siku itakapotaka kinanda chake kimfuate mwimbaji, itakuta Halvenka imekwisha kaa mlangoni. Italazimika kuja mezani, na pale mezani Halvenka itaomba inachokitaka hasa, yaani ujuzi wao wa spika. Huo ndio mchezo wote. Kile kifaa chenyewe hakitatengenezwa kamwe. Kitakaa kabatini.

Vasant hakulengwa. Alitangaza visanduku vyake mtandaoni, na kuna watu kazi yao ni kupekua mitandao. Namshauri asimamishe kwa muda mpaka mambo yatulie.

Wako mtiifu,
Shuaibu

*

Mlingotini
18 Aprili 2024

Mwanangu Shuaibu,

Eid mubarak, ingawa imeshapita. Baba yako alikula biriani ya watu watatu na goti likapona siku hiyo. Mvua hii ya masika haina adabu. Njia ya kwenda Kaole imekatika, tulivuka na vinanda vichwani.

Umenieleza kila kitu isipokuwa nilichokuuliza. Nilikuuliza pumzi wameipata wapi. Nimesoma barua yako yote, mbele na nyuma, nikampa na Adila aisome, hakuna.

Nitakusaidia kukumbuka. Desemba ya mwaka juzi ulikuja likizo. Ulikaa dukani kwa Vasant, ukakifungua mpambe juu ya meza, ukakipiga picha kila upande, na mimi nikakueleza habari ya pumzi huku nikikumenyea machungwa. Nilifurahi. Nikasema mtoto wa kaka yangu kasoma mpaka kafika Uswidi na bado kazi ya shangazi yake anaiona ina maana.

Unasema hawatakitengeneza. Hilo ndilo linalonitia hasira zaidi! Mwizi wa kuku angalau ana njaa. Hawa wanachukua kitu wasichokihitaji ili wamnyime jirani yao, na sisi tunaokihitaji tukae kimya tusiwaharibie mchezo.

Vasant kaogopa, kaviondoa dukani. Anasema yeye Mhindi mwenye duka moja, hana ubavu wa kupambana na wakili. Sikumlaumu. Nimevichukua vyote, viko uvunguni mwa kitanda changu. Huyo wakili akivitaka avifuate, na aje na mkewe.

Eid pili tumepiga Kaole. Na mpambe. Ashatu alipanda mpaka nikaogopa paa.

Mwajabu

*

Gothenburg
21 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya huu mrefu. Eid ya kuchinja nimeswali katika ukumbi wa michezo pamoja na Wasomali na Wabosnia, tukala ndizi na wali, nikawakumbuka. Nimesikia kimbunga kilipita kusini, nashukuru hakikuwagusa.

Pumzi waliipata kwangu. Nilirudi likizo nikiwa na furaha, nikaueleza mkutano mzima habari za mpambe, na ukurasa wa kwanza wa maelezo yangu niliandika jina lako na la Vasant. Nilidhani watawaita. Wanasheria wakasema mlichonacho ni ufundi wa kienyeji, na uvumbuzi ni kule kuuweka katika lugha ya kompyuta. Ukurasa wa kwanza ukaondolewa. Machi ya mwaka jana wakapeleka ombi, huku na huko kwetu Afrika.

Lakini nimepata suluhisho, na ndilo lililonichukua miezi hii yote. Kampuni imekubali kutoa ruhusa ya bure. Wewe na kikundi chako mtatumia mpambe maisha yenu yote, Vasant atavitengeneza vilivyoharibika, hakuna atakayewasumbua. Hawajawahi kumpa mtu ruhusa kama hii. Karatasi nimeiweka humu. Weka sahihi pale nilipotia alama, uirudishe.

Nakusihi, Shangazi. Nimepambana sana mpaka kuipata.

Shuaibu

*

Mlingotini
15 Julai 2024

Shuaibu,

Wazima. Maulida anakaa mwenyewe.

Karatasi yako hii hapa, inarudi kama ilivyokuja. Adila kanitafsiria. Aya ya pili inasema kwamba mimi, mpewa ruhusa, ninakiri kuwa uvumbuzi huu ni mali ya Halvenka. Kwa hiyo ndicho wanachokitafuta. Watu wenye maghorofa wanamhitaji Mwajabu wa Mlingotini akiri, halafu wanaiita zawadi.

Mimi sijaomba ruhusa. Mtu anayekupa ruhusa bure ya kulala nyumbani kwako ameshakufanya mpangaji, na akiamka vibaya kesho atakutoa. Wakishinda, wale kinamama wa Tanga wanaotaka mpambe wa kwao watafanyaje? Nao watume barua Uswidi? Na binti atakayepiga kinanda nitakapokuwa nimezikwa?

Umepambana, nakubali, na uchungu wako nauona. Lakini umepambana ili nipate nafasi ya kukaa vizuri chini yao. Mimi chini sikai.

Sasa nikuulize jambo moja na usinizungukie. Jina lako limo katika hilo ombi lao la hataza?

Shangazi yako

*

Gothenburg
19 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Limo. Wameniandika mvumbuzi wa pili, baada ya mkuu wangu wa kazi. Bado sijaweka sahihi ya mwisho. Kila wiki wananikumbusha, na kila wiki nasema nasoma. Kibali changu cha kuishi hapa kinategemea kazi hii, na wewe unajua nani ananunua dawa za baba.

Nimeogopa. Sina neno zuri zaidi la kulitumia.

Kuna njia, na nakwambia huku nikijua ninavunja mkataba wangu. Hataza haitolewi kwa jambo ambalo watu walikwisha kulijua. Mtu yeyote anaweza kuiandikia ofisi ya hataza na kuonyesha kwamba kitu kilikuwepo hadharani kabla ya Machi 2023, na ombi litaanguka. Nakumbuka mlikitumia mpambe kwenye harusi ya Rukaya wa Kaole, mwaka 2019, na palikuwa na video. Ile video ikifika ofisi ile, imekwisha. Nitumie, au mpe mtu anayesafiri.

Lipo na lingine. Wanasheria wetu wameshaisikia hiyo harusi, kwa sababu Vasant aliitaja katika tangazo lake. Wamejiandaa. Watasema ilikuwa shughuli ya wanawake peke yao, wanaume walikatazwa, kwa hiyo ilikuwa faragha na wala si hadharani. Na wanataka mimi, mtu pekee wa kampuni anayetoka huko, niandike maelezo ya kuthibitisha hivyo. Wananiita mtaalamu wa utamaduni. Wameniambia niyakabidhi kabla Oktoba haijaisha.

Unaona nilivyobanwa. Nitumie ile video.

Shuaibu

*

Mlingotini
14 Septemba 2024

Mwanangu Shuaibu,

Assalamu alaykum. Ahsante kwa kunijibu kama mtu mzima. Nililia kidogo, kisha nikapika. Kuhusu dawa za baba yako, usitishwe nazo. Nilimwambia, akasema alikuwa na goti kabla Uswidi haijamjua.

Video hupati.

Usiniharakishe, sikiliza. Ile siku mle ndani walikuwa mama za watu na mabinti za watu, nywele wazi, kanga kiunoni, wanakata nyonga wakijua hakuna jicho la mwanamume. Bi Zuhura wa Fukayosi yumo, na sasa ni hajat. Walicheza kwa sababu waliniamini. Leo niwapeleke Uswidi wakatazamwe na wanasheria wanaotafuta kisanduku mezani? Nikifanya hivyo, mimi na hao Halvenka tutakuwa na tofauti gani? Rukaya mwenyewe kaniambia yuko tayari video ikatwe picha ibaki sauti. Nikamwambia hata hivyo hapana, haiendi, kuna vicheko vya watu mle.

Kwa hiyo nimewaita wenyewe. Nilipita Kaole, nikapita Fukayosi, nikamtuma Adila mjini. Nikawaambia: kuna watu wanasema ile harusi ilikuwa siri. Ungewasikia! Wamekwenda kwa wakili Najim, yule kijana mwenye ofisi karibu na soko la Bagamoyo, wakajaa mpaka barazani. Kila mmoja kala kiapo chake na kueleza alichokiona kwa macho yake: kisanduku, waya, kisikilizio shingoni mwa Ashatu, na kinanda kumsubiri avute pumzi. Ashatu alimwimbia Najim palepale ili aelewe, mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Lakini kiapo kilichomfanya Najim aweke kalamu chini ni cha Bi Zuhura. Siku ile hakuwa amealikwa. Alikuja Kaole kuuza vitumbua, hamjui bibi harusi wala bwana harusi, akasikia kinanda barabarani, akaweka sinia lake akaingia uani. Akala pilau. Akacheza. Kisha akaja mezani kwangu akaniuliza hiki kidude ni nini, na mimi nikamfungulia nikamwonyesha mpaka ndani. Najim akamuuliza: nani alikukaribisha? Akasema: mwanangu, kwani harusi ina kukaribishwa?

Sasa hao wanasheria wako watuambie faragha ni ipi, ambayo muuza vitumbua anaingia na kuonyeshwa kila kitu. Wanaume walizuiwa, ndiyo. Nusu nzima ya wanadamu ilikuwa na ruhusa ya kuingia. Ikiwa wao hawawahesabu wanawake kuwa ni watu, waliandike hilo kwa mkono wao na walitie muhuri.

Viapo Najim ameshavipeleka kwenye ofisi ya hataza, pamoja na tafsiri. Vasant naye kaja, siku ya mwisho, kavaa shati la harusini, kala kiapo cha kwake. Anasema mkewe alimwambia asirudi nyumbani kabla hajafanya hivyo.

Hayo maelezo wanayoyataka kwako, wewe unayajua. Sikwambii uache kazi. Sikuombi uniandikie uongo wa kunisaidia, na sitakusamehe uongo wa kuwasaidia wao. Umekulia hapa. Andika unachokijua.

Mwajabu

*

Gothenburg
22 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika katikati ya Oktoba nikaisoma kwenye ngazi za kazini, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniangalia.

Niliandika maelezo niliyoombwa. Niliandika kwamba mimi, mtaalamu wao wa utamaduni, sijapata kuingia katika sherehe ya wanawake na siwezi kueleza kilichomo. Ninachoweza kueleza ni mlango wake: kwamba katika pwani yetu mwanamke yeyote anayepita njia anaingia bila kuulizwa, kwamba spika huelekezwa barabarani kwa makusudi, na kwamba anayefunga mlango wa harusi husemwa mpaka wajukuu zake. Kisha nikaandika kwamba aliyenifundisha habari ya pumzi ni wewe, nikataja siku, nikataja na machungwa. Nikatia sahihi. Nakala moja niliwapa wao, nyingine nikaipeleka posta mwenyewe kwenda ofisi ya hataza, kabla hawajaniuliza.

Wiki tatu baadaye kampuni iliondoa ombi lake lote, huku na huko. Haikusema imeshindwa. Tangazo linasema imepanga upya vipaumbele vyake. Hivyo ndivyo wanavyofanya: afadhali kuondoka kimya kuliko kungoja uamuzi utakaosomwa na kampuni nyingine.

Na mimi wamenipanga upya. Mkataba unakwisha Desemba na hautaendelea. Mkuu wangu alinipa mkono na kusema alitarajia zaidi kutoka kwangu. Nikamwambia hata mimi, ila nilichelewa.

Sijui nitafanya nini, Shangazi. Sina cha kuleta nyumbani. Ninaona haya kumtazama baba.

Shuaibu

*

Mlingotini
10 Desemba 2024

Mwanangu, tena mwanangu wa kuzaa,

Assalamu alaykum na rehema za Mungu. Barua yako imesomwa kwa sauti kubwa barazani, baba yako ndiye aliyeisoma, na alipofika pale pa machungwa akasimama akasema hana miwani mizuri. Alikuwa analia. Usimwambie nimekwambia.

Huna cha kuleta? Leta hayo masikio yako yasiyo na nyama. Vasant anasema macho yake hayaoni tena waya nyembamba na duka lina meza ya pili. Mchoro wa mpambe kaubandika mlangoni, mkubwa, kwa Kiswahili na Kigujarati, anayetaka anakili. Wamekuja mafundi wa Tanga, wakaupiga picha, wakanywa chai wakaenda zao. Wakija wale wa kampuni ya mashariki nao watapewa chai. Mimi sikukitaka kiwe changu peke yangu, nilikataa tu kiwe cha mtu kabatini.

Kwa hiyo usitushukie na kichwa kimeinama. Ukiona haya nitakuchapa, na umri wako huohuo.

Dada yake Najim anaolewa Januari, hapa hapa Mlingotini. Kinamama wote waliokula kiapo wanakuja, na wanataka kumwona mtu aliyewaandika huko Uswidi. Watakupokea, watakulisha, watakuombea dua. Lakini kinanda kikianza, baba, usidhani kwa kuwa umeutetea mlango wetu utaupita. Utakaa nje barabarani na wanaume wenzako. Spika tumezielekeza huko.

Shangazi yako,
Mwajabu